Chuma Chini, Mikeka Juu

Tumbo la mume wangu lilikuwa likifika kila mahali kabla yake. Likichungulia mlango wa sebule najua baba watoto amerudi kazini, halafu naye anafuata. Mwenyewe alishikilia kwamba ni gesi. Nikamuuliza ni gesi gani hiyo inayonunuliwa suruali mpya kila mwaka, akaniambia nisimtafutie maneno.

Sisemi kwamba mimi nilikuwa mzima. Nashona mapazia nyumbani, na mtu akiinamia cherehani tangu usichana wake hadi watoto wake waoe, mgongo unachukua umbo la kiti. Nikiinuka, magoti yanalia kama mlango wa stoo. Lakini mimi angalau nilikubali. Mume wangu ni mthamini wa magari katika kampuni ya bima. Kazi yake ni kutazama mabati yaliyokunjamana na kuandika kama gari linatengenezeka au halitengenezeki. Ameyahukumu magari ya watu maisha yake yote, na hajawahi hata siku moja kusimama mbele ya kioo akajitazama kwa jicho hilohilo.

Aliyetufumbua macho ni mama mkwe. Mama alivunjika nyonga, akatibiwa, mfupa ukaunga vizuri, ila miguu ikagoma kumbeba. Tukamleta kwetu, tukampa chumba kilicho karibu na jiko. Daktari alitueleza bila kuzunguka: kila siku atolewe kitandani, akae kwenye kiti, asimame kidogo akiwa ameshikiliwa. Akiachwa amelala tu, mgongo utachubuka na kifua kitajaa, na hapo tusitafute wa kumlaumu. Shida ni kwamba Mama si mto wa kunyanyua kwa mkono mmoja. Alikuwa matroni wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mwili na sauti, na wasichana walikuwa wakizima taa kwa kumsikia akikohoa tu. Miguu ilimwishia nguvu, lakini mwili haukupungua, na sauti ndiyo kabisa.

Basi tukaamua kwenda jimu, watu wazima tulivyo.

Jimu yenyewe iko kwenye jengo la ghorofa moja, nyuma ya duka la rangi. Zamani ilikuwa ya mtu na mkewe. Walipoachana waligawana jengo kama watu wanavyogawana vyombo: mume akachukua chini na vyuma vyake, mke akachukua juu na mikeka yake ya yoga. Yule wa chini wateja wake walimwita Winchi, kwa sababu ya alivyokuwa akinyanyua vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avinyanyue. Yule wa juu walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo ndilo alilolisema kuliko yote, tena kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa waliweza, mradi asiwepo anayepanda wala kushuka. Aliyejiandikisha chini hakuruhusiwa juu. Wa juu akionekana chini, huyo ni msaliti.

Winchi alikuwa akisema yoga ni kulala kwa watu wenye aibu ya kulala. Bi Taratibu alikuwa akisema vyuma ni kelele za watu wanaojiogopa wenyewe. Wa juu wakifika kwenye ile dakika ya mwisho ya utulivu, wamelala chali wamefumba macho, Winchi anaachia chuma sakafuni na jengo zima linashtuka. Kesho yake Bi Taratibu anaosha sakafu yake kwa maji mengi kuliko uchafu uliopo, na benchi la Winchi linapata mvua. Na sisi wateja, watu wenye kazi, vitambulisho na wajukuu njiani, tulichukua upande kama watoto wa ndoa iliyovunjika.

Mume wangu alijiandikisha chini bila hata kuuliza kuna nini juu. Mimi, kwa ajili ya magoti yangu, nikapanda.

Miezi michache ikatosha kutuharibu. Yeye akaanza kutembea mikono ikiwa imeachana na mbavu, utadhani amebeba ndoo mbili ambazo sisi wengine hatuzioni. Akawa anakula mayai kwa uso wa mtu aliyepewa dawa. Kinywani mwake kila kitu kikawa uzito: mfuko wa unga uzito gani, mlango wa gari uzito gani. Mimi nami, naomba nijiseme kabla hajanisema yeye, nikawa nafumba macho mezani na kuvuta pumzi kabla ya kumjibu mtu. Nilidhani ni busara. Kumbe nilikuwa kero kubwa kuliko yai.

"Mmoja anavimba, mwingine anapuliza," Mama alisema siku moja kutoka chumbani kwake. "Nani kati yenu atanipeleka chooni?"

Jumapili moja akaja wifi yangu, dada yake mume wangu. Wifi ni mkaguzi wa shule, na hajui kuingia kwenye nyumba bila kuikagua. Alipitisha kidole kwenye kingo za dirisha, akafungua friji akaifunga, akanyanyua shuka ya Mama akaitazama mishono. Kisha akasema angependa kuona tunavyomtoa kitandani.

Mume wangu alikuwa ameisubiri nafasi hiyo. Alijifunga ule mkanda mpana wa ngozi wa kunyanyulia vyuma, akauvuta mpaka macho yakamtoka kidogo, akasema, "Simameni pembeni." Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akamshika chini ya kwapa, miguu yake mwenyewe imenyooka kama nguzo, mikono ameinyoosha mbele, kifua na uso amevirudisha nyuma, kama mtu anayeondoa jikoni sufuria inayofoka. Mama akapanda kidogo. Kamba hukatikia pabovu. Mgongo wa mume wangu ukasema neno moja, naye akalirudia kwa sauti, na Mama akateleza polepole pamoja na blanketi lake hadi sakafuni, kati ya kitanda na ukuta.

Mama alijipapasa nyonga, akajipapasa mbavu, akaona yuko salama. Kisha akamtazama mwanawe aliyeegemea ukuta ameshika kiuno.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Leo cha mvunguni ni mimi."

Lakini mume wangu hakuweza kuinama. Mapaja yalikuwa yamejaa, nyonga zimekaza, mgongo umegoma. Mimi nikaona sasa ni zamu yangu, na hapa ndipo wa juu tutakapowaonyesha wa chini. Nikachuchumaa, visigino vimetulia sakafuni, mgongo umenyooka, vizuri kiasi kwamba Bi Taratibu angelia machozi. Nikamshika Mama viwiko kwa ncha za vidole, kwa adabu zote za mke wa mwana. Nikavuta pumzi. Nikatoa pumzi. Nikainuka, na nilichoinua ni makalio yangu mwenyewe tu, Mama akabaki pale pale.

"Umechuchumaa vizuri," Mama akaniambia. "Sasa?"

"Sasa sijui, Mama."

Ilibidi aitwe fundi bomba wa jirani na kaka yake. Walimbeba kwa shuka, mmoja kichwani, mmoja miguuni, Mama akitazama dari. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ameona haya, nami niliona haya kwa ajili yake hadi nikatoka nje.

Wifi alitufuata sebuleni. Alisema kuna nyumba ya kutunzia wazee, ameshaiona, safi, vitanda sita kwa chumba, wageni wanaruhusiwa Jumamosi. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameona mama yake akianguka.

"Wewe mwanangu," Mama aliita kutoka chumbani, maana masikio yake hayakuvunjika, "nimelala mabwenini maisha yangu yote nikiwa mwenye funguo. Usinirudishe bwenini nikiwa mwanafunzi."

Wifi akatoa hukumu kama anavyozitoa kazini: atarudi mwisho wa mwezi ujao. Akiona tunamtoa kitandani hadi kwenye kiti bila kumwangusha, Mama anabaki. Akiona vingine, anaondoka naye siku hiyohiyo.

Nitasema wazi, nilimpenda mama yule. Kuna watu wana wakwe wa kuwapima chumvi mchuzini. Mimi wangu, nilipokuwa msichana mwenye cherehani ya kuazima, alinipa oda ya mapazia ya bweni zima na akawajibu waliouliza, "Atajifunza kwa madirisha yangu." Kumwachia aondoke kwa sababu mimi na mwanawe tulikuwa na nguvu zinazofaa picha tu, hilo sikulikubali.

Ikabidi nisaliti. Siku moja wenzangu walipolala chali wamefumba macho, niliviringisha mkeka, nikashika viatu mkononi, nikashuka ngazi kwa vidole vya miguu.

Winchi alinikazia macho. "Wewe si wa juu?"

"Nina mtu wa kunyanyua," nikamwambia.

Akaguna, akatazama dari, kisha akanipa chuma kirefu kisicho na kitu pembeni. Nikakishika mbali na mwili wangu, mikono imenyooka. Akakipokonya. "Dada, chuma si mkwe wako. Usikiheshimu. Kivute karibu, kikwaruze miguu, kikuguse. Kikikaa mbali kinakuvunja." Nikajifunza kusukuma sakafu kwa miguu badala ya kuvuta kwa mgongo. Siku za mwanzo nilishuka kitandani kama mzigo unaoshushwa kwenye lori. Baadaye nikagundua kwamba magoti hayalii tena. Ule unyumbufu wa juu ulinifikisha chini kabisa, na vyuma vikanirudisha, na nilicheka peke yangu kwa kuwa ni jambo dogo sana kwa watu wawili kuligombania miaka yote hiyo.

Siku moja natoka chini kwa siri, nikakutana uso kwa uso na mwanaume mnene anayeteremka kutoka juu, soksi miguuni, mkeka wa waridi kwapani.

"Nimepotea," mume wangu akasema.

"Ngazi ni moja, baba watoto. Umepoteaje?"

Akaketi kwenye ngazi. Kuketi kwenyewe, nikaona, alikuwa ameketi vizuri, hakujiangusha kama zamani. Akasema Bi Taratibu amemwambia nyonga zake ni za mtu aliyefungwa kamba. Akasema amelia kwenye mkeka, si kwa maumivu, na nisimwulize. Sikumwuliza. Nilikaa karibu naye, na kwa bahati mbaya tulikaa muda mrefu mno, kwa sababu Winchi alichungulia kutoka chini na Bi Taratibu akachungulia kutoka juu.

Watu wanasema walikuwa hawajaongea tangu talaka. Siku hiyo waliongea. Kila mmoja alidai mwenzake amemwibia mteja, na tukagombaniwa pale katikati kama watoto mahakamani, mimi na mume wangu tumeinamisha vichwa. Bi Taratibu alisahau kabisa utaratibu. Mwishowe walikubaliana jambo moja, pengine la kwanza katika maisha yao: sisi wawili tufukuzwe.

Tukaanza kufanyia mazoezi nyumbani. Mkeka tuliutandika kwenye ukumbi, mbele ya mlango wa Mama. Chuma hatukuwa nacho, lakini nyumba ya mshona mapazia haikosi majora ya kitambaa, na jora zima la kitambaa kizito ni mzigo wa mtu mzima. Tulianza kwa kujinyoosha, tukachuchumaa, tukanyanyua majora, tukajinyoosha tena. Mama aliomba kitanda kigeuzwe atuone. Tangu hapo hatukuwa na haja ya mwalimu.

"Magoti nje. Wewe, matako chini, unaogopa sakafu ya nani? Toa pumzi unapopanda. Hiyo si pumzi, huko ni kulalamika."

Mume wangu alilimudu jora vizuri ajabu. Aliinama kutoka nyongani, akalikumbatia, akalivutia kifuani, akapanda nalo taratibu kama anacheza nalo dansi. Tumbo lilikuwepo bado, maana sisimulii muujiza, ila sasa walifika pamoja. Lakini kila tulipohamia kwa Mama mwenyewe, mambo yaliharibika. Mikono ya mume wangu ilirefuka. Kifua kilikimbia nyuma. Mama alipanda nusu, akayumba, tukamrudisha kitandani mbio.

"Kwa nini unamshika kama umeme?" nilimuuliza jikoni. "Jora unalikumbatia."

Alifuta meza iliyokuwa safi. "Jora si mama yangu," akasema.

Nikataka kumcheka, nikashindwa, maana mikono yangu mimi ilikuwa vilevile. Nilimwosha yule mama, nilimpaka mafuta, nilimkata kucha, na kila nilipomgusa nilimgusa kwa ncha za vidole kama kitu cha watu. Ndivyo tulivyolelewa: mtoto wa kiume akiota ndevu anampa mama yake mkono, na mke wa mwana anasimama hatua moja nyuma. Tuliita heshima. Sasa heshima hiyo ilikuwa inamwangusha, na siku ya wifi ilikuwa kesho.

Wifi alikuja amevaa nguo za safari. Kwenye gari lake niliona ametandika blanketi kiti cha nyuma. Hakupitisha kidole dirishani. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akasema, "Haya."

Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda, miguu imekanyaga chini. Mume wangu hakufunga mkanda. Alichuchumaa mbele yake, chini kabisa, magoti yake yakayazuia magoti ya mama yake, mimi nikasimama ubavuni mwa Mama, nyuma ya kiuno chake. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mikono. Ilikuwa imeanza kunyooka. Niliuona mwili wa Mama ukikakamaa kwa woga. Sikuwa na pumzi ya kuvuta wala ya kutoa.

"Tazama," Mama akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, isiyo ya matroni. "Unaona aibu gani? Humu kifuani ndimo ulimolala kabla hujajua kusema. Nishike, baba."

Mume wangu akamtazama. Kisha akasogea. Akapitisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo wa Mama, akamvuta kwake, kifua kwa kifua, kidevu chake kikapita begani kwa mama yake. Mimi nami nikaacha ncha za vidole. Nikamkumbatia kiuno kwa mikono mizima, shavu langu mgongoni mwake, nikasikia joto lake na mapigo yake. Tukatoa pumzi. Tukasukuma sakafu.

Mama akasimama.

Alisimama wima, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, bila kuyumba. Kilichobaki ni kugeuka kidogo na kumketisha. Kiti kilikuwa pale pale, nimekiwekea mto.

"Kiti kiko hapa ubavuni, Mama," mume wangu akasema. "Kaa sasa."

Mama hakukaa. Mikono yake ilikuwa shingoni mwa mwanawe, na niliona vidole vikikaza shati.

"Ngoja," akasema. "Mnaniosha. Mnanigeuza. Mnanifuta. Tangu baba yenu afariki hakuna aliyenishika. Usiniweke chini kwanza."

Mume wangu alikuwa analia wazi, pua na kila kitu, wala hakuwa na mkono wa kujifuta. Hatukumweka chini. Miguu yangu ilianza kutetemeka, lakini ilikuwa na nguvu ya kutosha, na nilishukuru kwa kila jora nililolinyanyua.

Nikasikia mkoba ukianguka mlangoni. Wifi alikuwa amefika ubavuni kwangu, mikono yake iko hewani, hajui pa kuiweka.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ndogo, "mnashikaje?"

Nikampisha nafasi, nikamwonyesha.